Nimehitimu 2020, kazi zangu zote ni za kuungaunga: nizifiche?

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka 2020. Tangu hapo kazi niliyolipwa mshahara haijawahi kufika mwaka. Mwaka 2021 nilifanya miezi minane kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikaondoka kwa sababu ya malipo. Hadi leo namdai bosi mishahara ya miezi miwili. Mwaka 2022 nilikuwa nakaa tu kwenye kibanda cha shangazi cha miamala Mbagala, katikati nikafanya ukarani wa Sensa. 2023 nikapata mkataba wa miezi minne kama msaidizi wa hesabu kwenye mradi wa shirika moja, mradi ukaisha. Mama akapata kiharusi, nikarudi Lushoto kumuuguza mwaka mzima. Niliporudi Dar, Septemba 2024, nikawa keshia wa supamaketi kwa miezi mitatu. Siku moja droo ikapungua shilingi 180,000. Tulikuwa wawili tunaoitumia, tukaondolewa wote. Mimi sikuchukua. Tangu hapo niko mtaani. Nimetuma maombi mpaka nimechoka, siitwi. Binamu yangu anasema nifute vyote, mjomba mwenye kampuni yake aniandikie barua kwamba nimefanya kwake miaka mitatu mfululizo. Rafiki yangu anasema nisome shahada ya uzamili ili pengo lifichike. Mimi nafikiria niandike tu kwamba sijawahi kuajiriwa. Nifanye lipi? Usiku silali vizuri."

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu. Mara ya kwanza nililisoma kama mtu aliyekaa miaka 19 kwenye ofisi za rasilimali watu, mara ya pili kama dada. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikaanza kuhesabu miezi, kwa sababu kuna jambo ulilonieleza bila wewe mwenyewe kulitambua. Kati ya Februari 2021 na Novemba 2024, ukiondoa mwaka wa kumuuguza mama na vipindi vifupi vya kuvuka kutoka kazi moja kwenda nyingine, ulikuwa kazini. Kibandani kwa shangazi peke yake umeniambia "nakaa tu". Nitarudi kwenye hilo "tu", maana ndilo linalokugharimu.

Nianze na hofu yenyewe. Unaamini kwamba mtu anayepokea wasifu wako anaona mapengo, anakunja uso, anautupa. Ninakuelewa, ila sivyo mambo yanavyokwenda upande wetu. Nafasi moja ya msaidizi wa hesabu ikitangazwa, mimi na mwenzangu tulikuwa tunapokea bahasha za kaki za kujaza maboksi. Siku hizi ni barua pepe, lakini wingi ni ule ule. Mzunguko wa kwanza hatumtafuti mtu bora. Tunapunguza. Kila wasifu unapata chini ya dakika moja, na macho yanakwenda sehemu nne: ana cheti kinachotakiwa, kazi ya mwisho ilikuwa ipi, tarehe zinasomeka, na kuna chochote hapa kinachofanana na kazi tunayotaka ifanyike. Anayetoka mapema ni yule asiyekidhi sifa, na yule asiyeeleweka. Huyu wa pili ndiye ninayemhurumia, kwa sababu mara nyingi ana uwezo. Ameandika "2021–2024, kazi mbalimbali za uhasibu" akidhani anaficha pengo, na mimi sina muda wa kumpigia simu kumuuliza alikuwa wapi. Namweka pembeni, nachukua anayefuata.

Kwa hiyo pengo lililoelezwa kwa mstari mmoja linapita. Linalokwama ni lile linalomwachia msomaji kazi ya kubuni. Na akibuni, atabuni mambo matatu: kwamba ulifukuzwa, kwamba huwa hutulii na utaondoka baada ya miezi minne, au kwamba umekaa mbali na hesabu hadi umesahau. Kila utakachokiandika na kila utakachokisema kwenye usaili kijibu mojawapo ya hizo hofu tatu. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Sasa tuyapime mawazo matatu uliyopewa, kwa sababu hayana uzito sawa.

La binamu yako ni hatari, na nitasema wazi bila kumvunjia heshima mjomba. Barua ya kazi ambayo hukuifanya ni hati ya kughushi. Ukiitumia unatenda kosa la jinai, na mjomba aliyeisaini anaingia nalo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hayakosi ule mstari unaosema kwamba wanaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria. Hilo si pambo. Unakumbuka Aprili 2017, ripoti ya uhakiki ilipokabidhiwa Dodoma na watumishi 9,932 wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi? Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Ile ilikuwa ni vyeti vya shule, lakini funzo kwa mtu wa hesabu ni zito zaidi: unaomba kazi ya kukabidhiwa fedha za watu, na hati ya kwanza unayomkabidhi mwajiri ni ya uongo.

Halafu tazama jinsi uongo huo unavyofichuka, wala haihitaji mpelelezi. Mwajiri mpya wa sekta binafsi atakuuliza namba yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Miaka mitatu ya ajira ilitakiwa iache michango ya kila mwezi, na taarifa ya michango inaonyesha nani alichangia na lini. Ni kweli waajiri wengi wadogo hawapeleki michango, kwa hiyo pengo la NSSF peke yake halithibitishi kitu. Ila litazaa swali la pili kwenye usaili: mlikuwa mnatumia programu gani ya hesabu? Ritani za kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mlikuwa mnawasilisha tarehe ngapi? Mkaguzi wenu wa nje alikuwa nani? Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Mtu aliyefanya kazi kweli anaanza kulalamika kuhusu mteja aliyekuwa hataki risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Mtu wa barua ya mjomba anaanza kutazama dari.

La kwako mwenyewe, kuandika kwamba hujawahi kuajiriwa, lina nia njema lakini hesabu zake zinakukataa. Cheti chako kina mwaka. Ukifuta kazi zote, unachomwonyesha msomaji ni mtu aliyehitimu 2020 na hakufanya lolote hadi leo. Ulikuwa unataka kuziba pengo la mwaka mmoja, umelifanya la miaka mingi.

La rafiki yako nalitazama kwa upole zaidi, maana elimu si jambo la kumkataza mtu. Ila shahada ya uzamili kwa ajili ya kuficha pengo ni pazia la bei kubwa. Utalipa ada ya mamilioni kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, utatoka na miaka 31, na kazi utakazoomba zitakuwa zile zile za kuanzia, ambazo tayari una sifa zake. Baadhi ya waajiri watakuona umesoma sana kuliko nafasi. Kwa fani yako kuna njia nyingine ambayo naiona bora kabisa: mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, kuelekea CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa. Inafanyika kila mwaka, ikiwemo ya Mei na Novemba, na unaweza kusoma huku unafanya kazi au unatafuta. Ukifaulu hata sehemu ya masomo ya hatua yako, andika kwenye wasifu. Ile hofu ya tatu, kwamba umesahau hesabu, inakufa hapo hapo. Na ukishamaliza CPA, katika kazi za uhasibu nchini hapa, shahada ya uzamili peke yake haikufikii.

Turudi kwenye wasifu. Utakachofanya ni kuzipanga hizi kazi ili zionekane kwa ukweli wake. Zikusanye chini ya kichwa kimoja, "Kazi za mkataba na za muda, 2021–2024", kisha kila moja na mwezi wake na mwaka wake. Kichwa hicho kinamwambia msomaji kabla hajauliza: hizi zilikuwa fupi kwa asili yake, hakukimbia. Mradi ulioisha, andika "mkataba wa miezi minne, mradi ulikamilika". Hakuna mwajiri wa Dar asiyejua kwamba miradi ya mashirika ina mwanzo na mwisho. Kama tangazo ni la Kiingereza andika kwa Kiingereza, kama ni la Kiswahili andika kwa Kiswahili, usichanganye.

Duka la Kariakoo: miezi minane ndani ya vifaa vya ujenzi ni shule. Bila shaka ulikuwa unatoa risiti za EFD, unaandika daftari la madeni ya mafundi wanaokopa saruji, unapokea mzigo na kuulinganisha na ankara. Andika hivyo hivyo, kwa vitendo. "Karani wa hesabu" peke yake halina nyama.

Kibanda: hapa ndipo nakuomba ulifute lile "tu". Mtu anayeendesha kibanda cha miamala kwa mwaka mmoja anasimamia floti (salio la kwenye simu) na fedha taslimu kwa wakati mmoja, mitandao miwili au mitatu, na kila jioni anafunga hesabu ambayo ikipungua analipa mfukoni mwake. Ni nini hicho kama si kulinganisha mizania kila siku? Andika: "Wakala wa miamala ya fedha, Mbagala, Januari 2022 hadi Februari 2023" (weka miezi yako halisi), kisha useme ulikuwa unasimamia mtaji wa kiasi gani, wateja wangapi kwa siku kwa wastani, na kwamba ulilinganisha salio na daftari kila siku. Kama kuna mwezi ulipoteza fedha, usiuandike, lakini uwe tayari kuusimulia ukiulizwa. Shangazi ni ndugu, ndiyo, na kibanda ni cha familia. Kazi ilifanyika, na namba za wakala zina kumbukumbu ya miamala. Hakuna uongo wowote hapo.

Sensa ya Agosti 2022 usiifiche kwenye mstari wa mwisho. Uliomba, ukachujwa, ukafundishwa, ukala kiapo cha kutunza siri za watu, ukakabidhiwa kishikwambi cha serikali na eneo la kuhesabu, ukakirudisha. Kwa mwajiri anayetafuta mtu wa kumwamini na kumbukumbu za wateja, mistari miwili hiyo ina kazi kubwa.

Mwaka wa mama. Najua huo ndio unaokuuma kuuandika, kama vile unaomba msamaha kwa kuwa binti. Mstari mmoja unatosha: "Julai 2023 hadi Juni 2024, nilimuuguza mzazi, Lushoto." Usitaje ugonjwa, hakuna mwenye haki ya faili la mama yako. Kwenye usaili anayekuuliza, mara nyingi, hana ubaya. Ana hofu ile ya pili, kwamba simu ya Lushoto ikilia kesho utaondoka tena. Mjibu hiyo hofu: nani anamhudumia mama sasa, na kwamba ulirudi Dar baada ya mipango hiyo kukamilika. Kama bado haijakamilika, tuliza hilo kwanza nyumbani, zungumzeni na ndugu zako nani anakaa na nani anatuma, kwa sababu hata ukiitwa kwenye usaili utakwenda na nusu ya moyo.

(Na ukiulizwa kama umeolewa, au utazaa lini, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ndoa au ujauzito. Huhitaji kugombana. Sema kwa utulivu kwamba hakuna kinachokuzuia kutekeleza majukumu ya nafasi hiyo.)

Sasa supamaketi. Hili nalikalia kidogo.

Wasifu si kiapo. Una haki ya kuchagua kazi zinazohusiana na nafasi unayoomba, na kazi ya miezi mitatu unaweza kuiacha. Lakini kuna mpaka. Fomu ikikuambia taja waajiri wako wote, utaje wote. Ukiulizwa mdomo kwa mdomo kama umewahi kuachishwa kazi, jibu ni ndiyo. Nimemwona kijana aliyekuwa ameshapita usaili wote akaondolewa wiki ya pili kazini, kwa sababu mtu wa ofisi ya jirani alimtambua kutoka alikoachishwa, na yeye alikuwa amejaza "hapana". Kilichomtoa ni lile neno moja kwenye fomu. Kosa la zamani lenyewe lilikuwa dogo.

Mimi ningekuwa wewe ningeiandika, nikitambua kwamba baadhi ya waajiri wataniruka. Sababu yangu ni kwamba una jibu zuri kuliko unavyodhani, na hujaliona kwa sababu umelishika kama mshtakiwa. Lishike kama mhasibu. Droo moja, watu wawili, na nadhani hakuna kuhesabiana wakati wa kupokezana zamu, hakuna saini ya makabidhiano. Somo la ukaguzi ulilolisoma chuoni linaita hali hiyo udhaifu wa udhibiti wa ndani. Fedha ikipungua kwenye mazingira kama hayo, hakuna awezaye kuthibitisha ni nani, na ndiyo maana mwenye duka akawaondoa wote. Kwa hiyo kwenye usaili unasema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Nilikuwa keshia kwa miezi mitatu. Kulitokea upungufu wa shilingi 180,000 kwenye droo iliyokuwa inatumiwa na watu wawili bila makabidhiano ya maandishi, na tuliondolewa wote wawili. Sikuchukua fedha hiyo. Tangu siku hiyo siwezi kupokea wala kukabidhi fedha bila kuhesabu mbele ya mwenzangu na kusaini." Halafu nyamaza. Usimseme vibaya mwenye duka, wala mwenzako. Maneno yale ya mwisho ndiyo mwajiri wa idara ya fedha anayotaka kuyasikia kutoka kwa mtu yeyote, awe na pengo au asiwe nalo. Lifanyie mazoezi mbele ya mtu hadi sauti isitetemeke.

Nikwambie na upande wa serikali, kwa sababu serikali na sekta binafsi ni njia mbili zenye milango tofauti. Kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, mapengo yako karibu hayana uzito. Nafasi za daraja la kuanzia mara nyingi hazidai uzoefu. Mfumo unatazama sifa zilizotajwa kwenye tangazo, umri, na usahihi wa nyaraka. Baada ya hapo kuna usaili wa mchujo, ambao ni mtihani, kisha mahojiano. Anayesahihisha mtihani hajui kama mwaka 2023 ulikuwa Lushoto. Kwa hiyo kama upande huo huitwi, kabla ya kulaumu historia yako kagua nyaraka. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, shahada na kitambulisho cha taifa cha NIDA yanafanana herufi kwa herufi? Yakitofautiana unahitaji hati ya kisheria ya majina. Umeweka cheti chenyewe au matokeo ya muda? Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliki. Barua ya maombi imesainiwa? Vyeti vimethibitishwa na wakili? Wadhamini watatu wana simu zinazopatikana? Nimewaona vijana wenye alama nzuri wakikwama kwa saini iliyosahaulika.

Na ukiitwa kwenye mchujo, soma. Mitihani ya wahasibu serikalini haiishii kwenye kanuni za debiti na krediti. Pitia IPSAS (viwango vya kimataifa vya hesabu za sekta ya umma), Sheria ya Fedha za Umma ya 2001, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na uelewe kwa ujumla mfumo wa MUSE unafanya nini kwenye malipo ya serikali. Anayefaulu usaili akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na wapo wanaopangiwa kazi kutoka humo baadaye. Kwa hiyo hata usaili ambao "hukupata" huenda haujaisha.

Sekta binafsi ni hadithi nyingine, na hapa nitakuwa mkweli hata kama haipendezi: kujuana kuna nguvu. Nafasi nyingi ndogo za hesabu hazitangazwi kabisa. Mhasibu mkuu anauliza ofisini, "Nani anamfahamu binti mwaminifu anayejua Tally, ile programu ya hesabu?" na kesho yake mtu ameanza kazi. Unaweza kulia kuhusu hilo, na una haki. Ila kujuana si lazima kuwe kwa mjomba. Yule mhasibu uliyefanya naye kazi kwenye mradi, miezi minne, ameona kazi yako kwa macho yake. Ulimtafuta lini mara ya mwisho? Mwandikie ujumbe mfupi, msalimie, mwambie unatafuta kazi ya hesabu na unaomba awe mdhamini wako, na kwamba akisikia nafasi akukumbuke. Usimwombe kazi, muombe sikio. Fanya hivyo hivyo kwa mhadhiri mmoja anayekufahamu na msimamizi wako wa Sensa. Na waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Nani huyo?" Mwombaji hakujua kamwe kilichomponza.

Kuhusu kujitolea: ni njia nzuri ya kufufua wasifu, ukiwa na mipaka. Serikali inaendesha programu ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu kupitia wizara yenye dhamana ya kazi na ajira; fuatilia matangazo yake na usome masharti. Ukijitolea kwenye ofisi binafsi, omba barua inayosema unaanza lini, unaisha lini na utafanya nini. Miezi mitatu hadi sita ya kufanya kazi halisi za hesabu, na nauli yako ikilipwa, nakubali. Mwaka wa kupeleka chai na kutoa fotokopi bila hata nauli, mdogo wangu, hapana. Na yeyote atakayekuomba hela ya fomu, ya vipimo, au ya "kukuunganisha na mtu wa utumishi", mkate hapo hapo. Kazi ya kweli haiuzwi kwa kutuma kwa simu.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji kumwona mtu ana kwa ana. Moja ni mishahara unayoidai. Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni mfupi: siku 30 kwa mambo ya kuachishwa, siku 60 kwa madai mengine. Umeshapitwa, kwa duka na kwa supamaketi, ingawa sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Nenda ofisi ya afisa kazi au msaada wa kisheria ukaulize kama sababu zako zinatosha, siwezi kukuahidi. Na kama supamaketi walikukata mshahara kufidia ile 180,000, ukiwa huko uliza pia kuhusu hilo, maana mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kienyeji.

Jingine ni usingizi. Umeliweka mwisho wa barua kama jambo dogo. Umemuuguza mama, umetuhumiwa jambo ambalo hukulifanya, na umekaa miezi bila kuitwa popote. Mwili unalipa. Kama usiku hulali kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au unaanza kuona heri usingekuwepo, usingoje barua ya usaili. Nenda kituo cha afya ukaongee na daktari, na umwambie mtu mmoja nyumbani leo hii.

Na moja la mwisho, la vitendo, ambalo ningependa ulianze wiki hii. Kifungu cha 44 cha ile sheria ya ajira ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka. Bosi wa Kariakoo hajakupa, naamini hata hajui kwamba kipo. Usiende na madai ya mishahara siku hiyo. Hilo ni la afisa kazi, na ukiyachanganya utakosa vyote. Andika mwenyewe rasimu ya ukurasa mmoja: jina lako, cheo, Februari hadi Septemba 2021 (au tarehe zako halisi), kazi ulizokuwa unafanya. Ichapishe nakala mbili. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, saa mbili kasoro, duka likiwa linafunguliwa na magari ya mzigo hayajaanza kuingia. Msalimie, muulize na watoto, kisha mwombe asaini na kugonga muhuri.